Ada ya Kuhama Tres Codornices

11 Juni

Bango la kuuza nyumba limesimikwa leo asubuhi, na tayari nimeshagombana nalo. Kirsten, dalali wangu, alikuja na bango jekundu zuri linaloonekana tangu barabara kuu. Kabla hajafika kwake, jumuiya ya wenye nyumba ilikuwa imeshampigia simu: bango liwe la kahawia na lisizidi upana wa mto wa kulalia. Sasa nina bango la kahawia, juu ya kokoto za kahawia, mbele ya ukuta wa kahawia. Mnunuzi atalijua akijikwaa.

Nauza kwa sababu dada yangu Maybelle amevunjika nyonga kule Silver City na hana mtu wa karibu. Tumeshakubaliana tuishi pamoja, tupikiane na tugombane kama zamani. Nina miaka sabini na mbili. Mume wangu Lyle alifariki miaka mitano iliyopita, na vyumba vitatu ni vingi kwa mwanamke mmoja na kiyoyozi chake.

Jioni Kirsten akarudi na karatasi za jumuiya. "Bi Rowena, kaa kwanza," akasema.

"Nimekaa."

"Kuna ada ya kuhama. Asilimia moja ya bei ya nyumba."

"Nalipwa?"

"Unalipa."

"Nikihama nawalipa wao? Kwa kuwapungia mkono?"

"Ndivyo ilivyoandikwa tangu mtaa huu wa Tres Codornices ulipojengwa. Kila anayeuza analipa."

"Na nikifa humu ndani?"

"Watoto wako watalipa wakiuza."

"Sina watoto."

"Basi hapo wamekukosa," akasema, akacheka peke yake.

Inakuja kama dola elfu tatu na mia sita. Ninazo, sitasema sina. Lakini mlango huu niliingia kwa heshima zangu na nilitaka kutoka kwa heshima zangu, sio kutozwa kiingilio mlango wa kutokea.

12 Juni

Joto nyuzi mia na kumi na mbili za Farenhaiti. Kifungo cha mkanda wa gari kimeniunguza kiganja. Hakuna aliyekuja kuona nyumba.

16 Juni

Nimekwenda kwa Delmar Huckaby, mwenyekiti wetu. Ni karani wa mahakama mstaafu, na hata kaptura anaipiga pasi mpaka mkunjo unakata. Mwaka juzi aliniandikia onyo kwa kuwa pipa langu la taka lilikuwa bado barabarani saa sita mchana. Nilikuwa mazishini. Nikamjibu kwamba pipa lilikuwa linaniombolezea.

Sebuleni kwake baridi kama duka la nyama. Alinipa chai ya barafu, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hilo nalo liliniudhi.

"Bwana Huckaby," nikasema, "mimi na Lyle tuliingia hapa nyumba zikiwa sita. Ile miti ya njia ya bwawani, nani aliipanda?"

"Wewe na marehemu, na Bwana Arriaga."

"Nani aliimwagilia kwa ndoo kiangazi kizima, mabomba yakiwa bado?"

"Nyinyi. Sikatai, Bi Rowena. Ila sheria haiulizi nani alimwagilia."

"Inauliza pesa tu."

"Inamuuliza kila anayeuza. Pesa hiyo ndiyo inaziba mashimo ya barabara. Ukiifuta, ada ya kila mwezi itapanda kwa wote. Mimi binafsi naiunga mkono, nakwambia wazi."

"Basi nifanyeje niifute?"

Hapo akachangamka. Nasema kweli, uso ulimng'aa. Akaeleza huku akihesabu kwa vidole: saini za nyumba ishirini za kuitisha mkutano maalumu, kisha akidi, yaani nusu ya nyumba zote zipige kura, kwa kuja ukumbini au kwa karatasi, kisha walio wengi waseme ndiyo. Nyumba ni mia moja ishirini na nne. Akidi ni sitini na mbili.

"Imewahi kutimia?"

"Nina miaka kumi na moja kwenye kiti. Haijawahi. Kila Januari nafungua mkutano, nahesabu waliokuja, naufunga."

"Januari hii walikuja wangapi?"

"Tisa. Wawili walikuwa wanatafuta choo."

Nilitoka nimefura. Alikuwa anafurahia, yule mzee. Anajua sheria yake imelindwa na uvivu wa watu, na ananikaribisha nijaribu.

17 Juni

Sijalala vizuri. Nimetembea alfajiri kabla jua halijapata makali. Kware, hao codornices wa jina la mtaa wetu, walikuwa wanavuka barabara na vifaranga vyao, na gari la magazeti likasimama kuwapisha. Kile kivuko nilikidai mimi mwaka ule niliokuwa bado naendesha basi la shule. Nilikwenda mpaka ofisi za wilaya na sare yangu ya basi, nikakaa kwenye benchi mpaka wakachoka kunitazama. Wakaja kuchora mistari myeupe.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wanaohamia sasa wanadhani mtaa huu uliota wenyewe na vivuli vyake. Nami sitaki asante. Nataka tu mtu asinidai kwa kuondoka mahali nilipopajenga kwa mikono yangu.

24 Juni

Wamekuja watu wawili. Mmoja aliuliza kama ukuta unaweza kupakwa bluu. Nikamwambia amuulize Huckaby.

3 Julai

Dhoruba ya vumbi ya kwanza. Iliinuka upande wa kusini saa kumi jioni, ukuta mzima wa vumbi, na kwa dakika chache sikuuona mkono wangu. Tone la mvua halikudondoka. Mimi na Consuelo Arriaga tulikuwa tunaanua nguo zake, tukajikuta tumejifungia jikoni kwake, meno yetu yanasaga mchanga.

Consuelo ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tangu enzi za nyumba sita. Chema, mumewe, ana maradhi ya kutetemeka, na mwaka huu miguu imeanza kumsaliti. Alikuwa amekaa mezani akitazama vumbi dirishani.

"Umesikia ada yangu ya kuhama?" nikamuuliza Consuelo.

"Nimesikia. Mtaa mzima umekusikia, comadre, shoga yangu. Wewe ukinong'ona mbwa wanaamka."

"Na huoni kwamba ni wizi?"

Akamtazama Chema, kisha akaendelea kukunja taulo. "Sisi tunauza Desemba. Tunakwenda kwa binti yetu Yuma, nyumba yake haina ngazi. Tumepiga hesabu. Ada ile ndiyo mshahara wa muuguzi wa miezi miwili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea wewe."

Chema akacheka hadi akakohoa. "Rowena," akasema polepole, maneno yakimtoka moja moja, "ile miti... nilichimba mimi. Wewe ulikuwa unatoa amri."

"Mtu lazima asimamie, Chema."

Nimerudi nyumbani nimetulia na nimeona haya kidogo. Nimekuwa napiga kelele kwa ajili ya heshima yangu, na mwenzangu ukuta wa pili anahesabu miezi ya muuguzi. Kesho naanza kutafuta saini. Sasa si za kwangu peke yangu.

9 Julai

Nimepata saini ishirini na mbili, nikampelekea Huckaby kwa mikono miwili kama keki. Akavaa miwani. Akazikataa nne! Mmoja ni mpangaji, mwingine ni mume ambaye nyumba iko kwa jina la mke, na wengine wawili, nyumba zao zilikuwa zimeshatiwa saini na wenzao.

"Bwana Huckaby, unataka na alama za vidole?"

"Nataka mtu asipate pa kuupinga mkutano wako, Bi Rowena."

Mkutano wangu, anasema! Nimetoka bila kuaga.

10 Julai

Saini ishirini na tano. Amezikubali zote. Mkutano ni tarehe 19 Agosti, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa bwawani.

18 Julai

Wamekuja wanunuzi wa kweli. Leland Begay ni fundi wa nyaya za umeme, yule anayepanda nguzo wenzake wakiogopa, na mkewe Shandiin ni muuguzi, mimba yake ya miezi saba. Shandiin aliingia, akavua viatu bila kuambiwa, akaenda moja kwa moja kusimama kwenye dirisha la jikoni ambako Lyle alikuwa akinywea kahawa.

"Hapa asubuhi jua linaingia?" akauliza.

"Linaingia mpaka kwenye sinki."

"Leland," akamwita mumewe, "hapa."

Wamekubali bei bila kuvutana. Benki imewashikia riba ya mkopo wao wa nyumba mpaka mwisho wa Agosti. Ikipita hapo inapanda, na nyumba inawaponyoka. Tumeweka tarehe 29 ya kutia saini. Kirsten amefurahi mpaka akanikumbatia, jambo ambalo sikumruhusu.

19 Julai

Mvua! Dakika kumi na mbili. Jangwa lote limenukia.

30 Julai

Karatasi za kura zilitumwa kwa posta wiki mbili zilizopita. Zimerudi saba. Saba! Basi nimevaa kofia na kuanza kubisha milango, na nimegundua kwamba siku hizi milango haina watu. Ina kengele zenye kamera.

"Nani?" kengele ikaniuliza kwenye nyumba ya kwanza.

"Rowena Tadlock wa nyumba ya kumi na mbili. Umepata karatasi ya kura ya jumuiya? Bahasha nyeupe."

"Aa, ile! Niliitupa na matangazo ya pizza. Nilidhani nimepigwa faini."

"Fungua nikupe nyingine."

"Siko nyumbani, niko kazini Tucson. Ila nakuona vizuri. Kofia imekupendeza."

Nimezungumza na milango kumi na minne. Mmoja uliniambia uko kwenye ndege. Mlango wa kumi na tano ulifunguliwa na jitu lenye ndevu, likaniangalia, likapiga kelele: "Bi Rowena wa basi namba tisa!"

"Wewe nani?"

"Cody Blevins! Uliniteremsha njiani kwa kutema mate!"

"Ukatembea?"

"Hatua chache, ukanipandisha tena. Nililia, jamani."

"Basi tia saini hapa, na usiteme."

Akatia, akamwita na mkewe kuniona. Asiyekuwepo na lake halipo, nikawaambia, na tarehe 19 wawepo. Nimerudi miguu imevimba, na nimejivunia kila hatua.

2 Agosti

Leo nimemwona Huckaby upande wa pili wa barabara yangu na mwavuli wa jua na faili, anabisha milango. Damu ikanipanda. Nikasema, haya, mzee ameamua kunipiga vita nyumba kwa nyumba. Nikavuka bila kutazama magari.

"Unawaambia wapige hapana?"

Akafunga mwavuli. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Nawaambia wapige kura."

"Kwa upande upi?"

"Upande wowote, Bi Rowena."

"Nikuamini?"

Badala ya kunijibu, akamgeukia mwanamke aliyekuwa bado amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. "Mama, nimekuomba nini?"

"Umeniomba nije hata kama nitakuja kukupinga," yule mwanamke akasema. "Umeniomba mara tatu."

Tulisimama chini ya mti wa jangwani wa palo verde, mmoja wa ile tuliyoipanda.

"Mimi nilikaa mahakamani miaka thelathini na mitano naandika maneno ya watu," akasema. "Nilidhani nikistaafu nitakaa kwenye mkutano wa majirani, watu wabishane, kisha wahesabiwe, kisha walioshindwa waende nyumbani na wenzao. Miaka kumi na moja nimepiga nyundo ya mwenyekiti mbele ya viti vitupu. Unajua watu wanasemaje? Huckaby anapenda madaraka. Madaraka gani? Ya viti?"

"Unapenda faini," nikamwambia. "Hilo usikatae."

"Napenda pipa liingie ndani," akasema. "Hilo sikatai."

Tumegawana mtaa. Yeye nyumba za namba shufwa, mimi za namba witiri.

5 Agosti

Yeye amepata sita leo. Mimi tano. Amenipigia simu kunitambia.

6 Agosti

Mimi nane! Nimempigia.

12 Agosti

Nyuzi mia na kumi na tano, mawingu yanajikusanya kila jioni na kutawanyika. Huckaby alikuja kuoanisha majina tukanywa chai barazani. Nilimuuliza kwa nini anaitaka ada ile wakati anaona hali ya Chema. Akasema anaiona, na anaona pia mjane wa nyumba ya tisini anayeishi kwa pensheni ndogo na hatahama kamwe, ambaye ada ya mwezi ikipanda atalipa yeye badala ya anayeondoka na hela za nyumba mkononi. Sikuwa nimemfikiria mjane huyo. Bado naona nina haki, lakini sasa najua nabishana na mtu, si na ukuta. Nimemkatia kipande cha pili cha pai, na alikistahili.

19 Agosti

Naandika na viatu bado vimeloa.

Saa kumi na moja mawingu yalikuwa meusi upande wa milimani. Saa kumi na moja na nusu vumbi likaja, nyuma yake mvua ya kweli, mvua ya kumwaga kwa beseni. Barabara ya chini ikawa mto. Nilikuwa nimeshapanga viti mia vya kukunja na Consuelo, na tulikuwa tumekaa wanne: mimi, yeye, Chema kwenye kiti cha magurudumu, na Huckaby mezani na nyundo yake, amevaa tai. Tai, kwenye mvua ile!

"Hawaji," nikasema.

"Ni saa kumi na mbili kasoro," akasema Huckaby. Lakini alikuwa anautazama mlango kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

Kisha taa zikazimika, na kiyoyozi kikanyamaza. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Ndipo nikasikia vigari vya gofu. Wazee wa barabara ya juu walikuja navyo, wamejifunika mapazia ya plastiki ya bafuni, wanapiga honi. Nyuma yao Cody Blevins kwenye gari lake refu la kubeba mizigo, amewapakia majirani wanane. Yule mwanamke wa mtoto kiunoni alikuja na mtoto. Wakaja na taa za kichwani, taa za kambi, mmoja na mshumaa wa siku ya kuzaliwa. Walinukia mvua na mbwa walioloa. Watu ambao kwa miaka wamejuana kwa mapipa tu wakaanza kupeana mikono. "Kumbe wewe ndiye mwenye ile redio?" "Kumbe ndiwe unayelalamika?"

Tulibishana kwa saa nzima, na tulibishana vizuri. Mjane wa nyumba ya tisini alisimama akaipinga hoja yangu, sauti nyembamba lakini haikutetereka, na watu wakamsikiliza. Chema aliomba kusema. Alichukua muda mrefu sana kutoa sentensi mbili: kwamba hahami kwa kupenda, na kwamba mtu anayeondoka kwa sababu mwili umemkatalia asilipishwe njiani. Mimi niliyezoea kupiga kelele nilisema kidogo tu. Nilisema nimeupenda mtaa huu na nimeulipa kwa jasho, na leo ndiyo siku niliyoupenda zaidi.

Ikaja hesabu. Huckaby alihesabu karatasi zilizotangulia, kisha waliokuwa ukumbini, nyumba moja moja, Cody akimmulikia tochi. Akahesabu tena. Akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Sitini na moja," akasema.

Ukumbi ukaguna. Kulikuwa na mtu aliyesema mtu akimbie akamlete yeyote. "Mlango umeshafungwa, kura haiongezwi kutoka nje," Huckaby akajibu. "Waliomo ndio waliomo."

"Yaani moja?" Cody akapaza sauti. "Moja tu, mzee?"

Consuelo alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkono wake juu ya goti la Chema. "Delmar," akasema taratibu, "nyumba yako umeihesabu?"

Huckaby akainyoosha tai yake. Mvua iliendelea kupiga bati.

"Mimi kama mwenyekiti huwa sipigi kura," Huckaby akasema. "Ni desturi yangu. Nisionekane napendelea."

"Desturi au sheria?" nikamuuliza.

Akanitazama. Alijua ninachojua, na kila aliyekuwa mle alijua pia. Akikaa na desturi yake, hakuna mkutano, ada inabaki, naye ameshinda bila kuinua mkono. Hakuna ambaye angemlaumu. Akatoa kalamu mfukoni, akavuta karatasi, akaandika huku ameinama kwa karibu, akaisoma kwa sauti ya mahakamani.

"Nyumba ya hamsini na sita, Huckaby. Kura: hapana."

Akaiweka juu ya nyingine na kuzinyoosha kingo.

"Zimekuwa sitini na mbili. Akidi imetimia. Mkutano huu ni halali."

Akapiga nyundo, na nyundo ikaanguka sakafuni, na watu wakasimama wakampigia makofi, waliompinga na waliomuunga mkono, na mjane wa nyumba ya tisini naye. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto. Sijawahi kujivunia mpinzani namna hiyo.

Ndiyo arobaini na nne, hapana kumi na nane. Ada ya kuhama imefutwa.

20 Agosti

Mtaa mzima matope. Mapipa yamesombwa na maji mpaka kwenye nyumba zisizo zao. Huckaby hajamwandikia mtu onyo.

21 Agosti

Huckaby amekuja, hakutaka kukaa. "Kuna jambo, na nilipaswa kulisema mapema zaidi. Badiliko linaanza kufanya kazi siku thelathini baada ya kura. Ndivyo ilivyo kwa kila badiliko."

"Na mimi natia saini tarehe 29."

"Ndiyo."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nimewatoa watu majumbani mwao kwenda mvuani ili kila mtu asilipe isipokuwa mimi.

23 Agosti

Huckaby tena, asubuhi, bila faili. Hiyo peke yake ilinitisha.

"Nyumba haiuzwi bila barua yangu ya kuthibitisha kwamba hudaiwi," akasema, akitazama viatu vyake. "Barua huwa naitoa siku hiyo hiyo. Lakini mzee anaweza kuugua. Barua ikachelewa hadi tarehe ishirini ya mwezi ujao."

Mtu huyu aliyekataa saini zangu nne! Nilimwona jinsi maneno yalivyomchoma kuyatoa, na nikampenda, nalisema hapa kwa kuwa hatalisoma.

"Delmar," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "umengoja miaka kumi na moja kupata mkutano halali. Usiuchafue kwa ajili ya Rowena. Na wale vijana? Riba yao inaisha mwisho wa mwezi. Shandiin ameshapima dirisha kwa ajili ya mapazia."

"Nilidhani niulize."

"Umeuliza. Lete barua yangu kwa wakati, na usiugue."

Akaiandika hapo hapo mezani kwangu.

27 Agosti

Consuelo na Cody wamepitisha kofia mtaani kunichangia ada. Wameniletea bahasha nene. Nimeirudisha kwa Consuelo, nikamwambia ni ya muuguzi wa Chema. Amelia, nami nimelia, kisha tumekula tamale, ile mikate ya mahindi yenye nyama, za mwisho za friji lake tukiwa tumesimama.

29 Agosti

Ofisi ya hati ilikuwa na kahawa mbaya na kalamu nzuri. Leland alivaa shati jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Shandiin alitia saini polepole, kila herufi, kama mtu anayeandika jina la mtoto kwa mara ya kwanza.

Karani, binti mwenye kucha ndefu, alifika kwenye mstari wa ada akasimama. "Bi Tadlock, naona barua ya jumuiya inasema ada hii inakoma wiki tatu zijazo. Unajua ungeweza kuomba tarehe isogezwe?"

Shandiin akainua kichwa. Hakuwa anajua. "Bi Rowena," akasema, "unalipa kwa ajili yetu?"

"Nalipa kwa sababu tulikubaliana leo," nikamwambia. "Wewe tia saini, mwanangu. Hapo chini bado."

"Basi tuikate kwenye hela zako za nyumba," karani akasema. "Ndivyo wanavyofanya wote."

Nikakataa. Nilitaka iandikwe kwa mkono wangu. Nikatoa kitabu cha hundi, nikaandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, nikatia saini yangu kubwa ya dereva wa basi. Ukabaki ule mstari mdogo wa pembeni, wa kuandika hundi ni ya nini. Hapo watu huandika ada, au kodi, au huacha wazi. Nilikaza mkono, na nikaandika: Ya mwisho.